Umeweka soli za ndani na kiuno bado kinauma? Tafuta dalili yako hapa

Wengi wanaokuja kuulizia soli za ndani kwenye meza yangu ya viatu hapa Mwanjelwa, Mbeya, siyo kwamba miguu inawauma, shida yao ni kiuno. Mama anauza nguo kasimama kwenye sementi tangu asubuhi, mwalimu yuko ubaoni vipindi vyote, mlinzi, nesi, kijana wa kupakia viazi kule Uyole, wote wameambiwa na mtu weka soli mgongo utaacha, ananunua, anaweka, baada ya wiki mbili anarudi na lalamiko. Na malalamiko yenyewe yanajirudia, ni yale yale, kwahiyo nimeyapanga hapa dalili kwa dalili, kila moja na sababu zake kuanzia inayotokea sana mpaka ya nadra, unaanza na vitu vya kuangalia mwenyewe nyumbani bila hela ndiyo unaenda kwenye marekebisho.

Ila kwanza tuelewane kitu kimoja mana bila hiki mengine yote utayasoma vibaya. Soli haitibu mgongo. Kazi yake ni kubadilisha jinsi unyayo unavyokanyaga, kupunguza kishindo cha kisigino kikigonga chini, na kama mguu mmoja ni mfupi kuuinua kidogo ulingane na mwenzake, basi. Mtu ambaye kiuno chake kinalalamika kwa sababu ya kusimama na kutembea anaweza kupata nafuu, mtu ambaye kiuno chake kinauma kwa sababu nyingine anaweza kubadilisha soli kumi na asione kitu. Hata waliofanya tafiti wanasema hivyo hivyo. Mwaka 2007 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima uzito wake, walitoa jibu kwamba soli hazizuii maumivu ya mgongo kwa mtu ambaye hana, na kwa ambaye tayari anaumwa ushahidi ulikuwa bado hautoshi. Alafu 2017 ukatoka utafiti wa Marekani wa watu 225 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, waliopewa soli zilizotengenezwa kwa vipimo vya miguu yao walipata nafuu ndani ya wiki 6 kuliko wale waliokaa wanasubiri bila kitu. Zingatia, hizo zilikuwa za vipimo, siyo za kuning'inizwa kwenye meza ya barabarani, na nafuu siyo kupona.

Hizi usizipeleke kwa fundi viatu

Naziweka mwanzoni mana kuna watu wanakuja na hizi wanataka soli na inaniuma kweli. Ukiona mojawapo acha kabisa habari ya viatu, nenda hospitali:

- Ganzi sehemu za siri au kwenye makalio pale unapokalia, au umeshindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo umegoma kutoka. Hii ni ya leo leo, hata kama ni usiku, neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa na zikichelewa huenda zisirudi.
- Mguu unakosa nguvu, unyayo unaburuza, unajikwaa mahali palipo tambarare.
- Kiuno kinauma na una homa, jasho la usiku, unakonda bila sababu. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye pingili za mgongo, siyo mapafu tu. Na kwa ndugu zetu wa Mbarali na kwingine kwenye mifugo, kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa mwambie daktari, mana kuna ugonjwa unatoka kwa ng'ombe na mbuzi unaitwa bruselosi unaleta homa na maumivu ya mgongo.
- Umeanguka au umepata ajali ya bodaboda, au wewe ni mtu mzima sana umeteleza tu kidogo na mgongo umeanza kuuma ghafla.
- Maumivu hayabadiliki ukilala, ukikaa, ukigeuka, usiku ndiyo yanazidi, hasa kama umeshapita miaka 50 au uliwahi kuugua saratani.
- Maumivu ya ubavuni yanayoshuka kwenye kinena, mkojo una damu au unachoma. Hapo waangalie figo.

Kama hakuna hata moja, endelea.

Dalili: Nimevaa wiki tatu au nne, kiuno hakijabadilika hata kidogo

Hili ndiyo lalamiko namba moja.

Sababu inayotokea sana ni kwamba kiatu chenyewe kimechoka, umeweka soli mpya ndani ya kiatu kilichopinda. Soli inafuata kiatu, kiatu kikilala upande na soli inalala nacho. Fanya hivi: weka viatu vyote viwili mezani, visigino vikiwa upande wako, shusha macho yalingane na meza. Angalia ule ukuta wa nyuma wa kisigino umesimama wima au umeinamia ndani au nje. Alafu geuza uangalie chini. Kulika kidogo kwenye kona ya nyuma upande wa nje ni kawaida, karibu kila mtu anaanza kukanyaga hapo. Lakini kama upande wa ndani umelika mpaka michirizi imefutika na wa nje bado ina michirizi yake, mguu wako unaangukia ndani, na kama kiatu kimoja kimelika tofauti sana na mwenzake andika hiyo pembeni tutairudia. Sasa shika kiatu mbele na nyuma, kikunje. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati hicho kiatu hakibebi mtu wa kusimama siku nzima, na hakuna soli itakayokiokoa.

Mitumba ina shida yake ya ziada. Raba ya mtumba inaweza kuwa bado nzima kwa nje lakini ndani ina alama ya mguu wa mtu mwingine, toa ile soli yake ya ndani uitazame kwenye mwanga utaona shimo la dole gumba na shimo la kisigino ambayo siyo yako. Hiyo toa utupe. Wengi hawaitoi, wanapachika mpya juu yake, mashimo yale yale yanaendelea kufanya kazi chini.

Sababu ya pili, unaivaa kwenye kiatu ambacho hukai nacho. Soli iko kwenye kiatu cha kanisani, wewe siku sita uko na yeboyebo au kandambili. Au soli iko kwenye raba ya kwenda na kurudi kazini, ukifika dukani unavua unavaa malapa. Hapo hujaijaribu soli. Iweke kwenye kiatu unachosimama nacho saa nyingi zaidi, na kama ni malapa ndiyo unayasimamia basi cha kubadilisha ni malapa.

Ya tatu, soli siyo ya aina unayohitaji. Zile za sponji laini sana ukibonyeza unafurahi, ila ukishasimama na uzito wako zinalala zote ndani ya muda mfupi. Weka dole gumba katikati ya kisigino cha soli ubonyeze kwa nguvu: kama kidole kinagusa chini kabisa na sponji inarudi taratibu, hiyo ni ya kupendeza mguu tu. Kwa mtu wa kusimama unataka inayokataa kidogo, ina kikombe cha kisigino na sehemu ya katikati inayoshika uvungu wa unyayo bila kuuchoma.

Ya nne ambayo watu hawapendi kuisikia, kiuno chako hakitokani na miguu kabisa. Kipimo chake ni rahisi. Kwa siku kadhaa andika kwenye simu maumivu yanaanza saa ngapi na ulikuwa unafanya nini. Kama yanaanza ukiwa umesimama muda mrefu na yanapoa ukikaa au ukilala, soli ina nafasi. Kama yanakuja ukiinua gunia, ukiinama kulima, ukimbeba mtoto mgongoni, au ukiwa umekaa, shughulika na hivyo, hela ya soli ingine weka akiba.

Ukishapita haya yote, kiatu ni kizuri, soli imara, umevaa kweli kwa wiki 6 na hakuna kitu, simama hapo. Usinunue ingine. Nenda fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi ya viungo hospitalini.

Dalili: Tangu niweke, kiuno kimezidi kuuma

Toa soli. Rudi kwenye kiatu chako cha zamani siku mbili tatu, usibadilishe kitu kingine. Yakipungua, soli ndiyo chanzo, yakibaki vile vile basi ilikuwa ni bahati mbaya tu, ulibeba kitu au ulilala vibaya wiki hiyo hiyo. Hiki kipimo cha kutoa ndiyo chenye maana kuliko vyote kwenye ukurasa huu na hakuna anayekifanya.

Kama ni soli, mara nyingi ni haraka. Umeiweka asubuhi ukaenda nayo mpaka jioni siku ya kwanza. Misuli ya vigimbi, mapaja na kiuno imezoea mkanyago wako wa miaka, hata kama mkanyago wenyewe ni mbaya, ukiubadilisha kwa siku moja inagoma. Anza na lisaa limoja au mawili siku ya kwanza, ongeza kama lisaa kila siku, mpaka wiki moja mbili ndiyo uvae siku nzima. Na usianze nazo siku ya kupanda mlima, mtu ananunua soli Ijumaa Jumamosi anaenda nazo Loleza, hapana jamani.

Inayofuata, soli juu ya soli. Kisigino kimenyanyuka, kiatu kimebana juu ya unyayo, mwili unasukumwa mbele na kiuno kinajikunja kwa nyuma ili usidondoke, yani umejitengenezea kiatu cha mchuchumio bila kujua. Toa ile ya asili kabla ya kuweka mpya. Kama ya asili imegundishwa na haitoki, tafuta soli nyembamba au zile fupi zinazoishia kabla ya vidole.

Alafu kuna kituta kirefu katikati, yani ule mwinuko wa soli unaoshika uvungu wa unyayo. Watu wenye unyayo bapa wanaambiwa wanunue kituta kikubwa kadiri kinavyopatikana, matokeo yake mguu unasukumwa kwa nje, goti linafuata, nyonga inafuata. Lowesha mguu, kanyaga kwenye sementi kavu au kipande cha boksi, uangalie alama. Ikitoka nzima bila kipengele cha ndani unyayo wako ni bapa, anza na kituta kifupi. Ikitoka kisigino na vidole tu vimeunganishwa na mstari mwembamba, uvungu wako ni mrefu, wewe unahitaji zaidi ulaini wa kupunguza kishindo. Na unyayo kuwa bapa siyo ugonjwa, kuna watu kibao wana nyayo bapa wanatembea Tukuyu kwenye milima yote na hawajui kiuno kinauma vipi. Watoto wadogo karibu wote nyayo zao ni bapa, usimwekee mtoto soli kwa sababu hiyo.

Ya nadra ila ipo: umeweka upande mmoja tu kwa sababu upande huo ndiyo unauma. Soli ya kawaida inawekwa zote mbili. Kipande cha kuinua mguu mmoja ni habari nyingine, inakuja chini.

Acha kabisa uende hospitali kama baada ya kutoa soli maumivu yameendelea kupanda, au yameanza kushuka kwenye tako mpaka mguuni na ganzi. Hiyo ni neva.

Dalili: Kinauma upande mmoja tu, na suruali zangu zinaburuza mguu mmoja

Hapa nitakaa kidogo mana ndipo soli ina maana zaidi na ndipo watu wanajiumiza zaidi.

Kuna watu mguu mmoja ni mfupi, na kama uliandika pembeni kwamba viatu vyako vimelika tofauti, hapa ndipo inapohusika. Tofauti ya chini ya sentimita 1 wanayo watu wengi sana na hawaumwi chochote, kwahiyo kuigundua tu siyo sababu ya kuitibu. Na kuna aina mbili. Moja mfupa wenyewe ni mfupi, labda ulivunjika zamani ukaunga vibaya au umezaliwa hivyo. Nyingine mifupa iko sawa lakini misuli ya kiuno na nyonga imebana upande mmoja ikavuta nyonga juu, mguu unaonekana mfupi na siyo mfupi. Ukimwekea huyu wa pili kipande cha kuinua unazidi kumpindisha. Huyo anatakiwa mazoezi.

Anza na vitu rahisi. Kwanza, unatembea wapi? Kama unachuma chai kule Rungwe au Mufindi, au shamba lako liko kwenye mteremko na unalima kwa kukata kilima, mguu mmoja uko juu na mwingine uko chini saa zote, upande mmoja wa kiuno lazima ulalamike. Geuza upande ukifika mwisho wa mstari, kazi iende na kurudi, kabla hujafikiria soli. Hata barabara zinazomwaga maji pembeni ni hivyo hivyo kwa mtu anayetembea upande ule ule kila siku.

Pili, je unabeba upande mmoja? Ndoo mkono ule ule, begi bega lile lile, mtoto kwenye nyonga ile ile. Badilisha wiki mbili uone.

Kama bado, pima. Simama peku kwenye sakafu iliyonyooka, miguu imeachana kidogo, magoti yamenyooka. Mwambie mtu achuchumae nyuma yako aweke viganja juu ya mifupa ya nyonga, ile unayoishika ukijishika kiuno, aangalie viganja vyake viko sawa au kimoja kiko chini. Kikiwa chini weka daftari jembamba la shule chini ya unyayo wa upande huo, alafu lingine, mpaka viganja vilingane. Bana hayo madaftari upime unene kwa rula. Rudia siku nyingine asubuhi. Ukipata jibu tofauti kila siku, hiyo inaelekea kuwa ni misuli siyo mfupa.

Kama ni chini ya milimita 5 achana nayo. Kama ni kati ya milimita 5 na sentimita 1 na kiuno kinauma kweli, unaweza kujaribu kipande cha kisigino cha milimita 3 upande mfupi, kigumu kidogo, siyo sponji mana sponji ikilala hujui umeinuka kiasi gani. Wiki mbili, ndiyo uongeze kidogo kama kuna nafuu. Hailazimiki kufikia tofauti yote, mwili umeshaizoea sehemu yake, nusu inatosha wengi.

Ikizidi sentimita 1 usifanye mwenyewe na usikubali fundi yeyote akufanyie kwa kukadiria, mimi mwenyewe nawarudisha. Kwanza ndani ya kiatu haiingii, kisigino kinachomoka, inabidi soli ya chini iongezwe unene. Pili lazima apime mtaalamu, mara nyingine kwa eksirei. Akishaandika vipimo lete, fundi viatu mzuri ataongeza soli ya chini vizuri kabisa na kiatu hakitaonekana cha ajabu.

Dalili: Kiuno kimepoa lakini goti limeanza, au nyonga, au kigimbi

Kigimbi kuuma wiki ya kwanza ni mazoea, punguza muda wa kuvaa, utaisha. Goti ni tofauti. Goti likianza kuuma upande wa ndani au wa nje na halikuwa linauma kabla, kituta cha soli ni kirefu au kigumu mno kwako, toa, tafuta kifupi. Kwa anayeshuka mlima kila siku, watu wa Isyesye na kule juu mnanijua, hakikisha mguu hauslaidi mbele ndani ya kiatu, funga kamba vizuri pale juu ya kifundo mana kuslaidi kunalipwa na goti. Goti likivimba au likikwama simama, usibembeleze.

Dalili: Unyayo wenyewe unauma, malengelenge, kisigino kinachomoka

Malengelenge pembeni ya kituta maana yake kituta hakijakaa pale uvungu wako ulipo, soli ni ndefu au fupi kwako. Wengi wamekata vibaya. Soli inakatwa mbele kwenye vidole tu, kamwe siyo kisigino, ukikata kisigino kituta chote kinarudi nyuma. Chukua ile soli ya asili, ilaze juu ya mpya zikiwa zimelingana kisigino, chora, kata nje kidogo ya mstari, ingiza, kama inakunja kata tena kidogo kidogo.

Kisigino kinachomoka ni soli nene ndani ya kiatu kifupi. Nyembamba, au kiatu chenye kina.

Kisigino kinachoma hatua za kwanza ukitoka kitandani, alafu kinapoa ukitembea, hiyo ni tishu ya chini ya unyayo imechokozwa na siyo kosa la soli, mara nyingi hapo soli na kunyoosha vigimbi vinasaidia hata kuliko zinavyosaidia kiuno.

Wenye sukari nisikilizeni. Kama nyayo zako zina ganzi usijaribu soli kwa kukisia hata kama kiuno kinakusumbua namna gani, mana kituta kinaweza kukuchubua siku nzima usisikie, kidonda cha mguu wa sukari kinajulikana kinapoishia. Muone mtaalamu kwanza, na kila jioni kagua nyayo kwa mwanga, chini na katikati ya vidole, au mtu akukagulie. Ukiona wekundu usiopotea au ngozi imefunguka, toa soli na uende kliniki kesho yake.

Mama mjamzito, miguu inavimba jioni, soli iliyoingia vizuri asubuhi itabana saa kumi. Kiatu kipana kilichotulia kitakusaidia kuliko soli, na kiuno mwambie nesi wa kliniki.

Dalili: Nakaa muda mrefu, ni dereva, nimeweka soli sioni tofauti

Na hutaiona. Ukiwa umekaa mguu haubebi mwili. Wa malori ya Tunduma, wa bajaji, wa bodaboda, wa ofisini, soli kwenu ni ya pale mnaposhuka. Toa waleti mfuko wa nyuma mana unakalia upande mmoja ukiwa juu kilomita zote hizo, sogeza kiti goti lisinyooke kabisa ukikanyaga breki, shuka utembee kila baada ya lisaa au mawili. Bodaboda angalia kiti kama kimebonyea katikati.

Kama kinauma asubuhi tu ukiamka, angalia godoro kabla ya kiatu. Ila wewe kijana, kama kiuno kinakaza asubuhi zaidi ya nusu saa kila siku kwa miezi, na kinalegea ukichangamka lakini ukipumzika kinarudi, hiyo daktari aione, kuna magonjwa ya viungo yanaanza hivyo.

Dalili: Mwanzo zilisaidia, sasa zimeacha

Zimelala, kwa kawaida ni hivyo tu. Sponji ya bei ndogo kwa mtu wa kusimama inakwisha ndani ya miezi michache, na haionyeshi kwa juu, kitambaa bado kizuri. Toa, kunja, angalia kwa pembeni unene wa kisigino ulinganishe na unene wa ukingoni ambako hukanyagi. Ukikuta kisigino kimebaki nusu, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kama hazijalala, angalia kama zimelowa. Huku kwetu Novemba mpaka Aprili kiatu kinalowa kila siku na baridi haikikaushi, sponji iliyolowa na kukauka mara nyingi inakuwa ngumu kama boksi na inabeba fangasi. Jioni toa soli nje ya kiatu, futa, simamisha mahali penye hewa, jaza kiatu magazeti. Usiiweke juu ya jiko la mkaa, gundi inaachia na kituta kinajikunja, na lile jiko usilifungie ndani usiku kwa ajili ya viatu wala kwa ajili ya baridi, hewa yake ya sumu inaua. Kwenye gambuti ndiyo kabisa, ndani ni bapa, pana, jasho halitoki, soli inaogelea. Vaa soksi nene, weka soli nzima ya kujaa mpaka vidoleni siyo ile fupi, na uwe na jozi mbili za kubadilishana.

Kama ni nzima na kavu na maumivu yamerudi vile vile, jiulize nini kimebadilika: kazi mpya, uzito umeongezeka, msimu wa kilimo umeanza. Kiuno kinachouma ghafla kwa sababu ya kazi ngumu mara nyingi kinapoa chenyewe ndani ya wiki chache ukiendelea kujichangamsha, kulala kitandani siku nzima kunakikaza. Kikipita wiki 6, au ukijikuta unameza diklofenaki kila siku ili ufanye kazi, acha kujitibu, vile vidonge vinaumiza tumbo na figo.

Ukienda hospitali

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wana fiziotherapia, mikoa mingine ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Uliza pia kama kuna wataalamu wa viungo bandia na vifaa tiba saidizi, ndiyo hao wanaojua kutengeneza soli kwa vipimo, wanafundishwa kwenye chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi. Na usiende na viatu vya kutokea. Beba vile unavyosimama navyo kila siku hata kama vina matope ya Uyole, pamoja na soli zote ulizojaribu na yale uliyoandika kwenye simu, mtaalamu akigeuza kiatu chini anasoma mambo ambayo wewe usingekumbuka kumwambia.